Mashine ya Kuongea Ikikushauri Kuhusu Ugonjwa, Iulize Kwa Nini

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Kama kawaida nitazungumza nanyi polepole, na pale panapohitaji kurudiwa nitarudia, kwa hivyo usiwe na wasiwasi kama huna kalamu na karatasi.

Leo tuna jambo jipya kidogo. Siku hizi wagonjwa wengi wanapofika kituo cha afya huwa wameshauliza mahali pengine kwanza. Zamani mahali hapo palikuwa kwa jirani, kwa nyanya, au kwa muuza dawa pale sokoni. Sasa ni simu. Mtu anaandika, "Tumbo linaniuma upande wa kulia, shida ni nini?" na simu inamjibu kwa Kiswahili, kwa adabu, kana kwamba kuna mtu upande wa pili. Hakuna mtu. Ni programu ya kompyuta iliyosomeshwa maandishi mengi sana mpaka ikajifunza kupanga maneno kama binadamu. Wengine huiita akili unde, wengine akili mnemba, wengine akili bandia. Mimi leo nitasema tu "mashine ya kuongea", ili tusigombanie jina.

Sitakuambia usiitumie. Watu wana sababu zao za kuipenda, na ninazijua. Mashine haina foleni. Haifungwi saa kumi na moja jioni. Haimgombezi msichana wa miaka 17 anayetaka kuuliza habari za kupanga uzazi. (Wauguzi wenzangu mnaonisikiliza, najua hapo tumeguswa. Tuendelee.) Tena si wagonjwa peke yao wanaoitumia. Hata wahudumu wa afya wameanza kuwa na mashine za namna hii kazini, za kuwakumbusha na kuwashauri. Kwa hivyo hata kama wewe huna simu ya intaneti, huenda siku moja ukatibiwa na mtu aliyeshauriana na mashine.

Ninalotaka tuelewane leo ni hili: ushauri wa mashine juu ya ugonjwa uje pamoja na sababu zake, na sababu hizo ziwe za kuweza kukaguliwa na mtu. Ushauri usio na sababu ni kama dawa isiyo na karatasi yake. Huenda ni nzuri, huenda si nzuri, lakini utajuaje?

Ngoja nikupe mfano. Mnakumbuka kwamba mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii, watu kama 100,000 nchi nzima, wakapewa mikoba ya vifaa na simu za kuandikia habari za nyumba wanazozitembelea. Sasa tuseme mhamasishaji mmoja amefika nyumbani kwa Mama Kevo. Mtoto anakohoa. Na tuseme simu ya mhamasishaji huyu ina mashine ya kuongea. Anaiambia: mtoto ana miezi 10, anakohoa kwa siku tatu, anavuta pumzi mara 52 kwa dakika moja. Mashine inajibu: "Mpeleke mtoto kituo cha afya leo."

Ikiishia hapo, mhamasishaji ana njia mbili tu, kutii au kukataa. Lakini mashine nzuri itaendelea: "Nimesema hivyo kwa sababu umeniambia mtoto ana miezi 10 na anapumua mara 52 kwa dakika. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni kupumua kwa haraka, na kikohozi pamoja na kupumua kwa haraka huweza kuwa nimonia."

Hapo Mama Kevo anasikia na kusema, "Lakini dada, ulipokuwa ukihesabu alikuwa analia." Ni kweli. Pumzi huhesabiwa mtoto akiwa ametulia, kwa dakika nzima. Wanamnyonyesha kidogo, anatulia, wanamwachisha, wanahesabu tena. Safari hii ni 44. Basi nimonia haipo? Subiri. Mhamasishaji anafungua kijitabu cha kliniki ili ahakikishe tarehe ya kuzaliwa, na anaona mtoto hana miezi 10, ana miezi 14. Mama alikuwa amekosea kuhesabu, jambo la kawaida ukiwa na watoto wanne. Kwa mtoto wa miezi 12 hadi chini ya miaka mitano, kipimo si 50 tena, ni 40. Kwa hivyo hizo pumzi 44 za mtoto aliyetulia ni nyingi mno. Safari ya kituoni iko palepale.

Umeona kilichotendeka? Mashine ilisema kweli kwa kutumia habari za uongo, mara mbili. Haikuwa na macho ya kumwona mtoto analia, wala haikufungua kijitabu. Lakini kwa kuwa ilitaja ilichokitegemea, yaani umri na pumzi, watu wawili waliokuwa pale waliweza kusema, "Hiki si sawa, na hiki pia si sawa." Hiyo ndiyo faida ya mashine kujieleza. Si ili sisi tustaajabie elimu yake. Ni ili tuone mahali imepotea, au mahali sisi tumeipoteza.

Jambo hili la kuidai mashine sababu halikuanza jana. Mnamo miaka ya 1970, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, daktari aitwaye Edward Shortliffe na wenzake walitengeneza programu iliyoitwa MYCIN. Kazi yake ilikuwa kuwashauri madaktari kuhusu dawa za kuua bakteria, hasa mgonjwa anapokuwa na maambukizi katika damu au homa ya uti wa mgongo. Ilimwuliza daktari maswali, moja baada ya jingine, kwa maandishi. Na daktari alikuwa na ruhusa ya kusimama katikati ya maswali na kuandika neno moja tu: kwa nini? Yaani, kwa nini unaniuliza hivi? Mashine ilitakiwa kumwonyesha kanuni inayoifuata wakati huo: kama jambo fulani ni kweli, na jambo fulani pia ni kweli, basi kuna ushahidi wa kiasi fulani kwamba kijidudu ni cha aina hii. Daktari akiona kanuni hiyo haimfai mgonjwa wake, anaiacha.

MYCIN haikupata kutumiwa hospitalini katika kazi ya kila siku, ijapokuwa ilipopimwa na wataalamu ilijikaza vizuri. Kuingiza habari zote zile katika kompyuta za wakati ule kulichukua muda mrefu, na madaktari ni watu wa haraka. Lakini wazo lile la daktari kuuliza "kwa nini" lilibaki, na kwa maoni yangu lilikuwa bora kuliko mengi tunayouziwa leo.

Bado tuko Marekani, nataka mjue hatari ya mashine isiyojieleza. Miaka ya 1990 watafiti huko Pittsburgh walitaka kompyuta iwasaidie kukadiria ni mgonjwa yupi wa nimonia aliye katika hatari ya kufa na alazwe, na yupi anaweza kutibiwa akiwa nyumbani. Waliipa kompyuta kumbukumbu za wagonjwa wa zamani ijifunze yenyewe. Walijaribu aina kadhaa za programu. Moja ilikuwa hodari kuliko zote katika kukadiria, lakini ilikuwa kama chungu kilichofunikwa: unaingiza habari, jibu linatoka, na hakuna aliyejua ndani kunapikwa nini. Nyingine haikuwa hodari kiasi hicho, lakini ilitoa kanuni zake kwa maneno ya kusomeka.

Katika kanuni hizo za kusomeka wakakuta moja ya ajabu. Kompyuta ilikuwa imejifunza kwamba mgonjwa wa nimonia ambaye pia ana pumu yuko katika hatari ndogo ya kufa kuliko asiye na pumu.

Wewe mwenye pumu unayenisikiliza, au mama mwenye mtoto wa pumu, unajua hilo haliwezekani. Mapafu yaliyobanwa na pumu yakipata nimonia juu yake, huo ni moto juu ya moto. Sasa kompyuta ilitoa wapi jambo hilo? Iliyatoa kwenye kumbukumbu zilezile, na kumbukumbu hazikusema uongo. Madaktari wa pale, walipopata mgonjwa wa nimonia mwenye pumu, walimkimbiza moja kwa moja kwenye chumba cha wagonjwa mahututi na kumhudumia kwa nguvu zote. Kwa sababu ya huduma hiyo, wengi walipona. Kompyuta ikaona wamepona, haikuona ni kwa nini. Ingeachiwa iamue, ingemwambia mwenye pumu arudi nyumbani, na kumnyima ile huduma iliyokuwa ikiwaokoa wenzake.

Watafiti waliamua kutoitumia kwa wagonjwa ile programu hodari, ile ya chungu kilichofunikwa. Walihofu kwamba kama kosa la pumu limo katika programu ya kusomeka, basi limo pia ndani ya ile nyingine, pamoja na makosa mengine ambayo hakuna aliyeweza kuyaona. Mmoja wao, Rich Caruana, alilirudia jambo hili miaka mingi baadaye, na mwaka 2015 yeye na wenzake wakachapisha njia ya kutengeneza programu iliyo hodari na bado inasomeka. Waliporudia kazi ile, lile jambo la pumu likaonekana tena waziwazi, na safari hii lingeweza kusahihishwa kwa mkono. Ninawapenda watafiti hao. Walikuwa na mashine ya kuwapa sifa, wakaiweka kando kwa ajili ya mgonjwa ambaye hawakumjua.

Huenda sasa unasema, "Basi sista, hizi za siku hizi ni afadhali, kwa sababu ukiziuliza kwa nini, zinajibu." Ni kweli zinajibu. Zinajibu hata mno. Na hapo ndipo ninapotaka usikilize kwa makini zaidi, kwa maana ndipo watu wanapodanganyika.

Ile MYCIN ilipoulizwa kwa nini, ilionyesha kanuni yenyewe iliyokuwa ikiitumia. Mashine ya kuongea ya leo haina orodha ya kanuni za kuonyesha. Ukiiuliza kwa nini, inatunga maneno ya kujibu swali lako, kwa njia ileile iliyotunga jibu la kwanza. Maneno hayo yanaweza kuwa sababu ya kweli, na yanaweza kuwa maneno mazuri tu. Mwaka 2023 watafiti walilijaribu jambo hili kwa ujanja. Waliipa mashine mifano ya maswali ya kuchagua jibu, wakapanga kwamba katika kila mfano jibu sahihi ni A. Kisha wakaipa swali jipya. Mara nyingi mashine ikavutwa kuchagua A hata pale A lilipokuwa kosa. Ilipoeleza jinsi ilivyofikiri, haikusema, "Nimechagua A kwa sababu mifano yote ilikuwa A." Ilitoa maelezo marefu, ya hekima, yenye hatua moja baada ya nyingine. Yote ya kupamba.

Sisi wanadamu tuna udhaifu mmoja. Mtu akizungumza vizuri, bila kukwama, kwa sauti ya upole, tunamwamini. Ndivyo wauzaji wa dawa za miujiza wanavyotupata kwenye steji ya matatu. Mashine ya kuongea haikwami kamwe. Haina "sijui" ya kawaida ya mtu aliyechoka.

Kwa hivyo ninaposema iulize kwa nini, sina maana uridhike kwa kuwa imejibu. Nina maana uiulize maswali ambayo majibu yake wewe, au mhudumu wako, mnaweza kuyakagua. Iulize: "Katika niliyokuambia, ni jambo gani lililokufanya useme hivyo?" Ikikutajia jambo ambalo hukulisema, simama hapo hapo. Iulize: "Ni jambo gani likibadilika, na ushauri wako ungebadilika?" Ikisema ungebadilika kama ungekuwa na mimba, na wewe hujaona siku zako kwa miezi miwili, umejifunza kitu cha maana sana kabla hujameza kidonge. Iulize pia ni nini haijui. Na kama imetaja kipimo cha dawa, usikichukue kutoka kwake. Kipimo cha dawa hutegemea uzito, umri, figo, mimba na dawa nyingine unazokunywa, na kinatoka kwa mtu mwenye leseni anayekuona.

Kuna swali moja zaidi ambalo nadhani ni la maana kwetu kuliko kwa watu wa Marekani: "Umenielewaje? Nirudishie niliyokuambia."

Kiswahili chetu cha magonjwa kina mitego. Mama akisema, "Mtoto ana kifua," mimi ninajua anakohoa. Mashine iliyosoma Kiingereza kwa wingi na Kiswahili kidogo huenda ikafikiri ni maumivu ya kifuani. Tukisema "homa", mmoja ana maana ya joto la mwili, mwingine ana maana ya mafua tu na kamasi. "Kuendesha" kwetu ni kuhara, si gari. Mtu akisema "moyo unanienda mbio", huenda ni hofu, huenda ni damu kupungua, huenda ni moyo kweli. Na kuna saa. Ukiiambia mashine kwamba unakunywa dawa ya presha saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, sisi tunajua ni baada ya jua kuchomoza na baada ya kutua. Ikizifasiri hizo saa kwa hesabu ya Kizungu, itafikiri unaamka usiku wa manane kumeza dawa, na ushauri wake wote utaanzia hapo. Mhudumu hukuuliza tena kwa sababu anakuona uso. Mashine isipokurudishia ilichoelewa, hutajua kwamba mlipishana mapema.

Zipo juhudi hapa nyumbani. Shirika la Jacaranda Health lina huduma ya bure ya ujumbe mfupi iitwayo PROMPTS, ambapo mama mjamzito au aliyejifungua hutuma swali lake, kwa Kiswahili au Kiingereza. Mashine husoma ujumbe na kuupanga kwa uzito wake, na ujumbe wenye dalili ya hatari husogezwa mbele ili wahudumu wa dawati la msaada waushughulikie upesi. Mwaka 2023 shirika hilohilo lilitoa mashine iliyofundishwa Kiswahili, ikaitwa UlizaLlama. Ninataja hili ili mjue kwamba Kiswahili si lazima kiwe mtoto wa kambo katika mambo haya.

Na sasa tuingie ndani ya chumba cha daktari, maana mengi niliyosema ni ya mgonjwa na simu yake.

Jijini Nairobi kuna kliniki za Penda Health. Huko mashine haizungumzi na mgonjwa. Inamfuata daktari nyuma yake, kama mwenzake aliyesimama begani, wakati anapoandika habari za mgonjwa kwenye kompyuta. Imewekwa kama taa za barabarani. Taa ya kijani maana yake sina neno. Ya manjano maana yake nina ushauri, uusome ukipenda. Nyekundu maana yake simama, kuna jambo la hatari, lisome kabla hujaendelea. Na katika nyekundu hiyo imeandikwa ni kitu gani kinachoitia wasiwasi. Pengine ni dalili ambayo haikufuatwa, au dawa isiyolingana na ugonjwa ulioandikwa. Daktari anaweza kukubali au kukataa. Mwenye kuamua ni yeye.

Mwaka 2025 Penda pamoja na kampuni ya OpenAI walitoa matokeo ya utafiti wa mashine hiyo. Walitazama ziara 39,849 za wagonjwa katika kliniki 15. Nusu ya madaktari walikuwa na mashine, nusu hawakuwa nayo. Wale waliokuwa nayo walipunguza makosa ya kutambua ugonjwa kwa asilimia 16, na makosa ya matibabu kwa asilimia 13, wakilinganishwa na wenzao. Kitu kingine kilichonifurahisha ni kwamba, kadiri siku zilivyosonga, madaktari hao walianza kupata taa nyekundu chache hata kabla ya kuonywa. Walikuwa wakijifunza. Mtu hujifunza kutokana na onyo lenye sababu. Onyo tupu humchosha tu.

Lakini nisikupe upande mmoja. Wagonjwa walipoulizwa baadaye kama wamepata nafuu, asilimia 3.8 ya walioonwa na madaktari wenye mashine walisema hawajapata, na kwa wale wengine ni asilimia 4.3. Tofauti hiyo ni ndogo, na kwa hesabu za watafiti haitoshi kusema ni kwa ajili ya mashine. Tena ilibidi wasimamizi wawe karibu na madaktari, wawaonyeshe, wawapime, ndipo wakaizoea. Kuiweka tu mezani na kuondoka hakukutosha. Mnaosimamia vituo vya afya, mnisikie hapo. Na ieleweke pia kwamba mmoja wa waliofanya utafiti ndiye mwenye kutengeneza mashine. Hilo halifanyi matokeo kuwa ya uongo, lakini mkulima hasemi mahindi yake ni mabaya, na ningependa kuona wengine pia wakilipima.

Kwa sisi wahudumu kuna hatari ya upande mwingine pia, nayo ni uvivu. Ukiona taa ya kijani mara 50, mara ya 51 huangalii mgonjwa tena, unaangalia taa. Wodi imejaa, muuguzi ni mmoja, usiku ni mrefu, na mashine inasema hakuna neno. Ninakuomba, muuguzi mwenzangu, andika maoni yako mwenyewe kwanza, kisha ndipo usome ya mashine. Ukiyasoma ya kwake kwanza, hutaona kingine. Na ukimkatalia, andika sababu yako, kama vile ulivyoitaka iandike yake.

Tugeukie haki zako wewe mgonjwa. Hapa Kenya tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Sheria hiyo inahesabu habari za afya yako kuwa habari nyeti. Tena inasema kwamba, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa, una haki ya kutofanyiwa uamuzi mzito unaotokana na mashine peke yake bila mkono wa mtu. Nalo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021 kuhusu mashine hizi, liliweka kanuni sita, na moja ni kwamba kazi ya mashine iwe wazi na iweze kuelezeka. Kwa lugha ya mtaani: ukiwa mbele ya mhudumu na ukaona anasoma kwenye kompyuta, unaweza kumwuliza kwa heshima, "Daktari, hilo ni lako au ni la mashine? Na wewe umekubaliana nalo kwa sababu gani?" Hilo si utovu wa adabu. Mhudumu akishindwa kukujibu kwa maneno unayoyaelewa, basi huenda na yeye hajaelewa, na ni afadhali mjue wote wawili mapema.

Na unapotumia simu yako mwenyewe, usiandike jina lako kamili, nambari ya kitambulisho wala jina la kijiji pamoja na ugonjwa wako. Mashine haihitaji jina lako ili ikueleze habari za vidonda vya tumbo. Na kama simu ni ya watu wote nyumbani, kumbuka kwamba uliyoandika hubaki mle. Kuna akina mama wamejuta kwa sababu ya hilo, nami sitaki kusema zaidi.

Mwisho kuna hali ambazo hupaswi kuiuliza mashine kitu chochote, wala kwa nini wala kwa vipi. Tafadhali mwite na aliye karibu asikie. Mtoto asiyeweza kunyonya wala kunywa. Mtoto anayetapika kila kitu. Mtoto aliyepata degedege, au aliyelegea na haamki vizuri. Mama mjamzito anayetokwa na damu, au anayeumwa kichwa sana na macho yanaona giza, au aliyepata degedege, au aliyeona mtoto tumboni hachezi kama kawaida. Mama aliyejifungua anayetokwa na damu nyingi. Mtu mzima anayebanwa na kifua, au uso umepinda upande mmoja ghafla, au mkono umekufa ganzi na maneno hayatoki. Hapo simu ina kazi moja tu, kumpigia mwenye gari au mwenye bodaboda, na kupiga kituoni wajue mnakuja. Chukua kijitabu cha kliniki, chukua na dawa alizokuwa akitumia, hata kama ni pakiti tupu.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutazungumza juu ya kuhesabu pumzi za mtoto nyumbani. Njoo na saa yenye mshale wa sekunde, tuhesabu pamoja. Kwa leo, kwaherini.